Kisomo cha bibi, mshahara wa mama, kibanja cha ukoo

Mwezi wa nane mwaka jana tulifanya sherehe nyumbani Kamachumu, mkoani Kagera. Binti wa mdogo wangu alikuwa amemaliza shahada ya uhandisi. Mbuzi walichinjwa, ndizi zikapikwa, lubisi, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa. Chakula kilipokwisha, mzee mmoja wa ukoo alisimama, akamshika binti mkono na kutangaza: “Huyu sasa ni mwanaume!” Vigelegele vilipigwa mpaka majirani wakatoka kuchungulia. Mzee alisema kwa moyo wake wote, na binti alipokea kwa furaha, maana wazee wetu hawana sifa kubwa kuliko hiyo ya kumpa mtoto wa kike.

Siku iliyofuata wazee walewale waliketi kugawa kibanja cha baba yetu mkubwa, ambaye alifariki bila kuacha wosia. Ameacha watoto watano, watatu wa kike. Mmoja wa hao wa kike ni mhasibu Mwanza, mwingine anafundisha sekondari. Ndio waliomuuguza baba yao na kulipa gharama za hospitali mpaka mwisho. Karatasi ilipoletwa isomwe, ilikuwa na majina mawili, yote ya kiume. Mmoja wa hao wawili hajakanyaga nyumbani tangu mazishi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na Jumamosi huketi katika kituo cha msaada wa kisheria cha kata yetu, wilayani Muleba. Mambo ya aina hii nayasikiliza karibu kila wiki. Kila mara nikisikia watu wakisema kwamba elimu imemkomboa mwanamke wa Kihaya, nakubali nusu. Elimu ilitupa njia ya kutoka. Tulisoma, tukaajiriwa, tukanunua viwanja Mwanza na Dar es Salaam, tukajenga. Pale nyumbani tulipozaliwa, hadhi yetu ilibaki karibu ileile aliyokuwa nayo bibi. Nataka kueleza jinsi ilivyotokea katika familia moja, ya kwangu, kwa sababu nadhani ni nyingi zinazofanana nayo.

Kwa wasiotufahamu, kibanja ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba, mibuni ikichanganyika na migomba, maharage chini yake. Udongo wetu kwa asili si wa rutuba. Kinachoulisha ni samadi na nyasi zinazokatwa mbali, kubebwa kichwani na kutandazwa mwaka hadi mwaka, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Ndani ya kibanja ndimo wanamozikwa wazee. Kwa hiyo ukoo ukikataa kibanja kiende kwa binti, hoja yao ninaijua tangu utotoni: binti ataolewa, watoto wake watakuwa wa ukoo mwingine, na makaburi ya babu yataangukia mikononi mwa wageni. Si hoja ya kipuuzi. Lakini mke aliyetoka ukoo mwingine ndiye anayelilima shamba hilo maisha yake yote, na yeye pia hapewi. Kwao binti ni mgeni wa kesho, kwa mumewe ni mgeni wa jana. Sasa mwanamke ni mwenyeji wapi?

Mwaka 1963 mila za urithi ziliandikwa rasmi katika Tangazo la Serikali Na. 436. Warithi wakapangwa madaraja matatu. Daraja la kwanza ni mtoto wa kiume mkubwa wa nyumba ya kwanza, la pili ni watoto wengine wa kiume, la tatu ni mabinti. Mabinti waliruhusiwa kuitumia ardhi ya ukoo wakiwa hai, bila kuiuza. Mjane mwenye watoto hakuwekewa fungu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mimi nimeliona tangazo hilo kwa macho yangu nikiwa mtu mzima, kwenye mafunzo ya wasaidizi wa kisheria. Bibi yangu aliishi chini yake miaka arobaini bila kujua kwamba limeandikwa mahali popote.

Bibi mzaa baba hakupelekwa shule. Alipokuwa msichana, wamisionari walikuwa wameshakaa Buhaya zaidi ya miaka arobaini, maana Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifika Kashozi mwaka 1892, na walimu wa Kilutheri nao walikuwa huku kwetu. Shule zilikuwepo. Baba yake aliwapeleka kaka zake wawili, yeye akabaki kulea wadogo. Alijifunza kusoma akiwa mama wa watu wazima.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mikoa ya Ziwa, yaani Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi kama Kagera ilivyoitwa wakati huo, ilichaguliwa kuwa eneo la majaribio la mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO. Makao yake yalikuwa Mwanza. Wazo lao lilikuwa kumfundisha mtu mzima kusoma kwa kutumia kazi anayoifanya kila siku. Wasukuma walisoma juu ya pamba, wavuvi juu ya samaki, sisi juu ya migomba. Halafu Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo kikaenea nchi nzima. Mwaka 1967 mtu mzima mmoja hivi kati ya watatu ndiye aliyejua kusoma. Miaka kumi baadaye walikuwa zaidi ya asilimia 70.

Bibi alikuwa akienda kisomoni alasiri, akitoka shambani, kwenye darasa la shule ya msingi ambalo asubuhi walikuwa wamekaa wanawe wadogo. Alisema wanawake ndio waliojaa, wengine na watoto mgongoni. Wanaume wengi waliona aibu kukalia dawati la mtoto, au walisema wanajua tayari. Kitabu chake cha kwanza kilifundisha upandaji wa migomba, na aliniambia jambo ambalo mimi kama mwalimu sijaacha kulitafakari: aliweza kusoma haraka kwa sababu kila sentensi alikuwa ameshaijua kabla ya kuisoma. Aliyajua yote aliyoambiwa kuhusu mgomba, na mengine alimsahihisha mwalimu. Mwaka 1975 alifanya mtihani wa taifa wa kisomo akafaulu. Cheti chake alikiweka ndani ya Biblia.

Babu alifariki mwaka 1984. Baba yangu na baba mkubwa walikuwa wanafanya kazi mbali, na matanga yalipoanuliwa walirudi makazini. Wiki chache baadaye walikuja watu watatu, mmoja wao ndugu wa karibu wa marehemu babu, na karatasi waliyokwisha kuiandika. Nilikuwepo, nikiwa mtoto wa shule ya msingi niliyeachwa pale nimsaidie bibi. Walimweleza kwa Kihaya, kwa upole sana, kwamba marehemu aliahidi kumpa ndugu yake mahali pa kujenga nyumba, na kwamba wanaomba tu dole gumba lake ili jambo liwe sawa. Kidau cha wino kilikuwa tayari juu ya meza.

Bibi aliniagiza nikalete miwani ya babu. Akaivaa, akaivuta karatasi karibu na mlango penye mwanga, akaanza kusoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikichezacheza. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyezungumza. Alipofika katikati alirudi nyuma, akasoma tena, kisha akasema: “Hapa mmeandika ‘kuanzia chini ya barabara hadi mtoni’. Mmeniambia ni mahali pa nyumba. Nyumba gani inafika mtoni?” Chini ya barabara ndipo ilipokuwa karibu nusu ya kibanja, na mibuni yote mizuri. Akausogeza ule wino pembeni, akaomba kalamu. Chini ya karatasi yao aliandika jina lake na maneno mawili: “Nimesoma. Sikubali.”

Kesi ile haikufika hata kwa balozi wa nyumba kumi. Bibi aliishi pale mpaka alipofariki mwaka 2003.

Hiyo ndiyo picha ya elimu na mwanamke ninayoiamini kuliko picha zote za majoho na kofia. Kisomo cha jioni, cha kitabu kimoja cha migomba, kiliokoa nusu ya shamba. Ila lazima niseme na upande wa pili. Bibi alikiokoa kibanja kwa ajili ya wanawe wa kiume. Kilipogawanywa, binti zake hawakutajwa, na yeye hakupinga. Nilimuuliza nikiwa mkubwa. Akanijibu: “Mwanangu, hilo halikuandikwa kwenye karatasi yoyote ili nilisome.”

Binti zake walikuwa wawili. Shangazi mkubwa ndiye mzaliwa wa kwanza wa nyumba ile, aliyezaliwa kabla ya baba mkubwa, ingawa kwa lile tangazo la 1963 alikuwa daraja la tatu. Mwinjilisti mmoja alimshawishi babu ampeleke shule ya bweni ya wasichana Kashasha. Ni shule ambayo iliongozwa na Barbro Johansson, mmisionari kutoka Sweden aliyekuja huku mwaka 1946, baadaye akawa mbunge na kuongoza shule ya wasichana Tabora. Watu wa nje wakiitaja Kashasha hutaja kicheko. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia, na ikaenea kwa wanafunzi 95 kati ya 159, shule ikafungwa mwezi wa tatu. Madaktari waliochunguza hawakukuta sumu wala vijidudu.

Shangazi alikuwepo. Alikuwa na umri wa kama miaka kumi na minne. Hakupenda kulizungumzia, kwa kuwa kila aliyemuuliza alitaka hadithi ya ajabu. Mara moja tu aliniambia kwamba wanaouliza habari za kicheko hawaulizi wasichana wale walikuwa wamebeba nini. Kila mmoja wao alikuwa binti pekee aliyesoma kutoka kijijini kwake, au katika ukoo wake. Akishindwa, wadogo zake wote wa kike hawatapelekwa. Bwenini walikuwa wakiamka usiku kusoma kwa mwanga wa koroboi. Wataalamu wana maelezo yao kuhusu msongo wa mawazo, na mimi siwezi kuwazidi, lakini maneno ya shangazi nayaamini.

Alimaliza, akasomea uuguzi, akafanya kazi Mwanza mpaka akastaafu. Alijenga nyumba kule Nyakato. Akija nyumbani alikuwa mgeni wa heshima: anakalishwa kiti cha mbele na kuchinjiwa kuku.

Shangazi mdogo aliishia darasa la nne. Aliolewa, ndoa ikavunjika, akarudi na watoto wawili. Alijengewa kibanda nyuma ya jiko la kaka yake na kuonyeshwa migomba ambayo angeweza kukata ndizi za kula. Wifi akikasirika, migomba inapungua. Ndugu wawili wa tumbo moja. Mmoja elimu ilimtoa kabisa katika mamlaka ya ukoo, mwenzake akabaki ndani yake bila chochote mkononi. Ukimwangalia shangazi mkubwa peke yake utasema mambo yamebadilika. Mimi nilikua nikiwaona wote wawili.

Mama yangu alipita katikati. Alikuwa mwalimu wa daraja C, na alifundisha miaka ile ya Elimu ya Msingi kwa Wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974, madarasa yalipofurika watoto na chaki zikawa za kugawana vipande. Mshahara wa mwalimu katika miaka ya themanini mnaujua, au waulizeni wazazi wenu. Alifuma sweta, alikaanga maandazi, akaweka akiba. Mwaka 1987 alinunua kibanja kidogo kutoka kwa mtu wa ukoo mwingine aliyekuwa anahama. Hati ya mauziano iliandikwa kwenye karatasi ya daftari, na mwandiko ni wa mama mwenyewe: mipaka minne, majina ya mashahidi, muhuri wa balozi. Nimeitunza mpaka leo.

Kununua ilikuwa njia iliyojulikana. Tangu miaka ya 1930 kuna wanawake wa Buhaya walioondoka kwenda Kampala, Nairobi na kwingineko, wakasemwa vibaya sana, wakarudi na fedha na kununua vibanja kwa majina yao. Ardhi ya kurithi ilikuwa ya ukoo. Ya kununua ilikuwa ya mwenye fedha, hata akiwa mwanamke. Mshahara wa mwalimu na wa muuguzi uliifanya njia hiyo kuwa ya heshima. Wala sheria haikumzuia mama: Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikwishasema kwamba mke ana haki sawa na mume ya kupata, kumiliki na kuuza mali yake. Hata hivyo baba alipoambiwa, nakumbuka alinyamaza siku nzima, kisha akaenda kupanda mti wa mpaka pamoja na mama. Namshukuru kwa hilo. Majirani walimwambia amekwisha.

Mwaka mmoja tu baada ya hapo, katika wilaya hiihii, lilitokea jambo ambalo kila mtoto wa Kagera angepaswa kufundishwa darasani. Mwanamke mmoja, Holaria Pastory, alikuwa amerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Umri ukawa umekwenda na hana wa kumtunza. Agosti 1988 aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake ndugu wa ukoo akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha. Mahakama ya Mwanzo ikatengua mauzo. Mahakama ya Wilaya Muleba ikampa mama yule haki, ndugu akakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza. Februari 1990 Jaji Mwalusanya alisema kwamba Katiba yetu, ambayo tangu 1984 ina Tamko la Haki za Binadamu, hairuhusu mwanamke abaguliwe. Kwa hiyo mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale ya mwanaume. Ndugu wa ukoo akiitaka ardhi ana miezi sita ya kuikomboa, akilipa bei iliyouzwa.

Nilikuwa shuleni wakati huo. Nikaingia sekondari, nikamaliza, nikaenda chuo cha ualimu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyenitajia kesi ya Holaria Pastory, iliyoanzia umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwetu. Mapinduzi ya viwanda Uingereza niliyajua kwa tarehe. Hapa ndipo ninapoilaumu elimu yetu. Ilinifundisha vizuri kuondoka Kamachumu, haikunifundisha kitu cha kunisaidia kukaa Kamachumu. Bibi na kitabu chake cha migomba alipata elimu iliyogusa pale aliposimama. Mimi nilipata cheti.

Na kipindi hichohicho ndicho tulichohitaji sana ujuzi huo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera, mwaka 1983. Miaka kumi iliyofuata ilikuwa ya misiba isiyoelezeka. Kulikuwa na nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu, nyingine zikabaki na watoto peke yao. Wajane walifukuzwa vibanjani kabla ya arobaini, wakiambiwa wao ndio waliomuua mume. Mama mdogo wangu ni mmoja wao. Alitoka na sufuria mbili na watoto watatu, na shamba alilolitandazia nyasi miaka tisa likachukuliwa.

Mama yangu alianza kuandikia watu wosia. Aliitwa usiku, akaenda na daftari na taa. Nilimsindikiza mara nyingi. Sheria yenyewe ya mila ya wosia inaangalia kisomo: wosia wa maandishi unataka mashahidi wanaojua kusoma na kuandika, wasiopungua wawili kama mwenye wosia anajua kusoma, na wasiopungua wanne kama hajui. Katika kitongoji chetu haikuwa rahisi kuwapata wanne usiku wa manane, watu wenyewe wakiogopa hata kuingia kwenye nyumba ya mgonjwa. Waliokuja mara kwa mara walikuwa wanawake wa kisomo, wenzake bibi. Wazee wenye miwani ya kuazimana, wakiandika majina yao polepole kwa herufi kubwa. Baadhi ya wosia zile zilifika mahakamani na zikasimama. Kuna wajane wako kwenye vibanja vyao leo kwa sababu ya saini hizo.

Tangu hapo sheria zimetusogelea. Mwaka 1999 ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi haina nguvu, na kwamba baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba liwe na wanawake wasiopungua watatu. Mwanamke mzaliwa wa Muleba, Profesa Anna Tibaijuka, akawa Waziri wa Ardhi mwaka 2010. Tangu Machi 2021 Rais wetu ni mwanamke. Picha ya Mheshimiwa Rais Samia imetundikwa katika ofisi ya kijiji chetu, na chini ya picha hiyo nimeshuhudia mama akiambiwa arudi kwa mumewe akaombe sehemu ya kulima. Lile tangazo la 1963 halijafutwa kwa uwazi. Wajane wawili wa Shinyanga walilipinga Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ikakubali kwamba ni la kibaguzi lakini ikakataa kulibatilisha. Walikwenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema nchi yetu imekiuka haki zao.

Ninachokiona kwa macho yangu sasa hivi kituoni, na ndicho hasa kilichonifanya niandike, ni kwamba wazee wameanza kuja wenyewe kuwaandika mabinti. Sababu naijua, hawaifichi. Binti aliyesoma ndiye aliyeezeka mabati na kuvuta maji, na ndiye anayelipa bima ya afya. Mzee anapiga hesabu zake jioni akiwa peke yake, anaona nani yuko na nani hayupo, kisha anakuja. Yale ambayo Katiba, Jaji Mwalusanya na Bunge hawajaweza kuyafikisha kibarazani kwa mzee, mshahara wa binti umeyafikisha. Ukitaka kuona elimu inavyobadili hadhi ya mwanamke hapa kwetu leo, ndiyo njia yenyewe: ilimtoa nje kwanza, miaka mingi baadaye inamrudisha nyumbani akiwa na jina kwenye karatasi.

Nafurahi, na wakati huohuo nakosa raha. Maana yake ni kwamba haki ya binti inategemea amelipa kiasi gani. Kaka yake hakuulizwa amelipa nini. Na yule binti ambaye hakusoma, shangazi mdogo wa siku hizi, anaachwa nyuma mara ya pili. Wengi wao si kwamba hawakutaka shule. Mpaka waraka wa Novemba 2021 uliporuhusu wanaojifungua kurudi darasani, msichana akipata mimba alifutwa. Nimekaa kwenye vikao vya shule vilivyowafuta, nikiwa mwalimu kijana nisiye na sauti, na ninawaona sokoni mpaka leo wakiuza ndizi.

Miezi michache iliyopita alikuja mzee mmoja, mgonjwa wa miguu, amepakiwa kwenye pikipiki. Alitaka wosia. Ana mabinti wanne na mtoto mmoja wa kiume. Aliwataja mabinti watatu walioajiriwa, mmoja mmoja, na kila alichomfanyia: huyu choo cha ndani, huyu ng'ombe, huyu hospitali. Nikamuuliza kuhusu wa nne. Akasema, “Huyo yuko tu nyumbani.” Nikauliza anafanya nini hapo nyumbani. Akakaa kimya kidogo, akaanza kuhesabu. Ndiye anayempikia na kumwogesha, ndiye anayekata nyasi za kibanja chote, na ng'ombe aliyenunuliwa na dada yake yeye ndiye anayemlisha. Aliacha shule darasa la sita kwa sababu ya mimba. Ana miaka 41. Nikamwambia mzee kwamba mimi kazi yangu ni kuandika anachotaka yeye, lakini naomba aniambie akishafariki huyo ataenda wapi. Alisema, “Ataolewa.” Kisha yeye mwenyewe akatikisa kichwa.

Alirudi baada ya wiki mbili na mashahidi wanne, kwa kuwa hajui kusoma. Tuliandika. Binti wa nne amepewa sehemu yenye jiko na safu mbili za mibuni. Kabla ya kuweka dole gumba nilimsomea wosia wote mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kihaya, na mashahidi wakausoma wenyewe.

Juzi binti yake mkubwa alinipigia simu kutoka mjini, akiwa na hasira. Ana shahada ya uzamili. Alitaka kujua kwa nini mtu ambaye hajachangia hata bati moja ameandikiwa sawa na wao. Nilimweleza kwamba wosia ni wa baba yake, na kwamba akitaka kuzungumza juu ya mchango tuanze na nani aliyekuwa akimnyanyua mzee kitandani. Hatujaelewana. Atakuwa nyumbani Desemba, kama Wahaya wote, na amekubali tukutane mbele ya baba yake na mdogo wake awepo. Nitakwenda na ile hukumu ya mwaka 1990, nakala tano, kila mmoja na yake.